Kuchagua vipuri vya bunduki yako ya kwanza ya kuwindia ya kuundiwa

Mtu anayeundiwa bunduki kwa mara ya kwanza mara nyingi huanza na kile kinachoonekana: darubini kubwa, mbao yenye madoa mazuri, mtutu mweusi unaong'aa. Kisha anatafuta mtambo wa kuvibeba, yaani ile sehemu ya chuma inayobeba bolti na kufungiwa mtutu. Hapo ndipo pesa zinapopotea, kwa sababu vipuri vya bunduki vinategemeana kwa mpangilio mmoja tu. Risasi ndiyo inayoamua urefu wa mtambo. Mtambo unaamua nyuzi za kufungia mtutu na umbo la magazini, yaani sanduku la risasi. Mtutu na magazini vinaamua uchongaji wa kitako, na mwili wako ndio unaoamua urefu wake. Darubini inakuja mwisho. Ukifuata mpangilio huo, bunduki itakayotoka italisha risasi bila kukwama na italenga pale jicho lako linapotazama. Ukiuvunja, fundi atakata chuma asichopaswa kukikata.

Mwongozo huu ni wa bunduki ya bolti ya kuwindia (ile inayopakiwa kwa kuvuta na kusukuma bolti kwa mkono), inayoundwa na fundi mwenye leseni kwa mtu mwenye leseni, akiwa Arusha au Moshi na akilenga kuwinda Longido, Monduli, Simanjiro au kusini zaidi. Haumhusu mtu anayetaka kujitengenezea silaha nyumbani, iwe gobole au nyingine yoyote.

Karatasi kabla ya chuma

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni ya kumiliki, kibali cha kuingiza silaha nchini, na leseni kwa yeyote anayeunda au kutengeneza silaha kama kazi. Kwa hiyo usilipie mtambo wala mtutu kabla ya kibali kuwa mkononi. Wengi hujidanganya kwamba mtambo mtupu, usio na mtutu wala kitako, ni kipuri tu kama kipuri cha gari. Uchukulie kuwa silaha kamili: ndio wenye namba, na namba hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye leseni yako. Ukikwama bandarini au uwanja wa ndege kwa sababu ya karatasi, gharama za kuhifadhi zinaweza kula bajeti ya darubini nzima.

Hakikisha mambo matatu yanafanana neno kwa neno kwenye kila karatasi: jina la risasi, namba ya mtambo na jina la mtengenezaji. Ombi likiandikwa ".375" tu bila jina kamili, kumbuka kwamba zipo risasi kadhaa zenye kipenyo hicho cha inchi .375 na haziingiliani hata kidogo. Andika ".375 H&H Magnum" mwanzo hadi mwisho.

Anza na risasi

Jiulize utawinda nini. Kwa nyati na wanyama wengine wa hatari, kima cha chini Tanzania ni kipenyo cha .375. Kwa kongoni, nyumbu, pundamilia, choroa na swala, risasi ya .30-06 yenye kichwa cha greni 180 (gramu 11.7) inatosha kabisa, na hata pofu (yule swala mkubwa) anaanguka nayo kichwa kikiwa imara na kikiingia mahali pake.

Kwa bunduki moja ya kufanya kila kitu, tunashauri .375 H&H Magnum bila kusita. Ilitoka kwa kampuni ya Holland & Holland (ndiyo H&H) mwaka 1912, na hadi leo ndiyo risasi utakayoikuta kwenye masanduku ya mawindo karibu kokote Afrika. Kichwa cha greni 300 (gramu 19.4) hutoka kwa mwendo wa takribani mita 770 kwa sekunde. Uzito huo unamfaa nyati, na mwendo huo unampata choroa aliyesimama mita 200. Hakuna risasi nyingine inayoshika kazi hizo mbili vizuri namna hii.

Wapo watakaokuambia uchukue 9.3x62 kwa sababu inaingia kwenye mtambo wa kawaida na teke lake, yaani msukumo wa bunduki begani, ni la upole. Ni risasi nzuri sana, iliyobuniwa mwaka 1905, lakini kipenyo cha kichwa chake ni inchi .366. Haifikii .375. Ukienda nayo kwa nyati umeenda na bunduki isiyoruhusiwa, hata kama ina uwezo. Nayo .375 Ruger ya mwaka 2007 inaingia kwenye mtambo wa kawaida na inafikia kipenyo, ila ukiishiwa risasi ukiwa porini usitegemee kwamba kambi ya jirani itakuwa nazo.

Kabla ya kuamua, nenda kwa muuzaji wa risasi mwenye leseni umuulize swali moja: katika risasi ninazozitaja, zipi unazo sasa hivi, na zipi huagizwa kwa mteja mmoja mmoja? Jibu lake lina uzito kuliko jedwali lolote la mwendo na nguvu.

Mtambo

Tumia pesa hapa. Mtutu unabadilishika na kitako pia. Mtambo ndio utakaokaa nao maisha yako yote.

Kipimo cha kwanza ni urefu. Risasi nzima ya .375 H&H ina urefu wa hadi milimita 91.4. Ya .30-06 ni milimita 84.8. Tofauti ya karibu milimita 7 inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha mtambo mrefu wa magnum na mtambo wa kawaida. Mtambo wa zamani wa Mauser 98 ulioundiwa bunduki ya jeshi haukukusudiwa .375 H&H. Unaweza kulazimishwa, na wako mafundi waliofanya hivyo miaka mingi, kwa kurefusha sanduku la magazini na kukata mteremko wa mbele ambao risasi hupandia kuelekea chemba, tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Tatizo ni kwamba nyuma tu ya mteremko huo, upande wa chini, ndipo panapokaa chuma kinachoegemewa na pembe ya chini ya bolti (pembe ni vinundu vinavyoifunga bolti) bunduki inapolia. Kila milimita inayokatwa inapunguza egemeo hilo. Ukitaka kutumia Mauser ya kawaida, chagua risasi inayoingia bila kukata mteremko: .30-06, au .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, ambayo nayo ni milimita 84.8. Ukitaka .375 H&H, nunua mtambo wa magnum tangu mwanzo.

Kipimo cha pili ni uso wa bolti. Kitako cha ganda la .30-06 kina kipenyo cha milimita 12.0, cha .375 H&H ni 13.5. Bolti ya kwanza haipokei ganda la pili. Kupanua uso wa bolti kunawezekana, ila kazi hiyo inagusa kucha ya kuvutia ganda, na kucha ikilegea ganda litabaki chembani siku utakayolihitaji litoke.

Kucha yenyewe inahitaji maelezo zaidi. Kuna mitambo ambayo kucha ndefu ya ubavuni huishika risasi mara tu inapotoka kwenye magazini, kabla haijaingia chembani. Kuna mingine ambayo bolti huisukuma risasi ikiwa huru, kisha kucha ndogo inaikamata mwishoni kabisa. Zote mbili hufanya kazi kiwanjani. Kwa wanyama wa hatari tunasisitiza ile ya kwanza. Mtu aliyeshtuka anaweza kusukuma bolti nusu, akairudisha, kisha akaisukuma tena. Kwenye mtambo wa kucha ndogo, risasi ya kwanza inabaki imelala mdomoni mwa chemba na ya pili inaigonga kisogoni: bunduki imekwama. Kwenye mtambo wa kucha ndefu, risasi ya kwanza imeshikwa tayari, na bolti ikirudi inaitoa nje.

Ukinunua mtambo uliotumika, mpe fundi kazi hizi kabla ya kulipa: akague pembe za bolti kwa dawa ya kuonyesha nyufa, apake wino wa bluu kwenye pembe zote mbili na kufunga bolti mara kadhaa aone kama zote zinagusa, atazame shimo la pini ya kupigia kama halijatanuka wala kulika. Pembe moja ikigusa na nyingine ikielea, mzigo wote unabebwa na upande mmoja. Hilo hurekebishika kwa kusugua pole pole, lakini bei lazima ishuke.

Mtutu

Kwa .375 H&H chagua urefu wa sentimita 58 hadi 61. Kwa .30-06, sentimita 56 zinatosha. Kila inchi (sentimita 2.54) unayopunguza inaondoa takribani mita 6 hadi 9 za mwendo kwa sekunde, kwa hiyo mtutu wa sentimita 56 kwenye .375 si dhambi kama unawinda vichakani. Chini ya hapo kelele na moto wa mdomoni vinazidi faida.

Mzunguko wa mifuo, ile michirizi ya ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa cha risasi: mmoja kwa kila inchi 12 kwa .375, mmoja kwa kila inchi 10 kwa .30-06. Hivi ndivyo vipimo vya kawaida, na kichwa kizito cha greni 300 kinatulia vizuri kwenye inchi 12. Usiagize kitu cha pekee hapa.

Nyuzi za kufungia ndizo zinazowakosesha watu usingizi. Mauser 98 ina nyuzi za inchi 1.1, meno 12 kwa inchi. Winchester Model 70 ni inchi 1, meno 16. Remington 700 ni inchi 1 na 1/16, meno 16. Mtutu uliokwisha kukatwa nyuzi kwa mtambo mmoja haufungi kwenye mwingine, na muuzaji wa nje hatakurudishia gharama ya kusafirisha silaha kati ya nchi mbili. Andika jina la mtambo kwenye oda, kisha andika na kipimo chenyewe.

Unene wa mdomo: milimita 16.5 hadi 18 kwa .375. Mwembamba zaidi unaonekana maridadi, lakini bunduki inakuwa nyepesi na teke linaumiza. Bunduki ya .375 ikiwa na darubini na ikiwa tupu inafaa iwe kilo 4.1 hadi 4.5. Chini ya kilo 3.6 hutataka kufanya nayo mazoezi, na usipofanya mazoezi hutapiga vizuri.

Chuma cha krom-molibdeni kilichopakwa rangi ya bluu ni kizuri, lakini masika ya Moshi yatakidai mafuta kila jioni. Chuma kisichoshika kutu kwa urahisi kinagharimu zaidi na kinang'aa juani. Mwambie fundi akipulizie mchanga laini kiwe cha kijivu kilichofifia. Usidhani hakishiki kutu kabisa. Kinashika, ila polepole, hasa kwenye sehemu iliyofunikwa na mbao.

Kuhusu kifaa cha mdomoni cha kupunguza teke: kiache. Kinapunguza teke kweli, lakini kinarusha mshindo pembeni na nyuma, na pembeni yako kuna mfuatiliaji wa nyayo na mbeba bunduki ambao mara nyingi hawana kinga ya masikio. Risasi moja ya .375 kupitia kifaa hicho inaweza kumdhuru mtu masikio moja kwa moja. Ukitaka teke lipungue, ongeza uzito na mpira wa bega.

Ganda la .375 H&H lina mkanda karibu na kitako chake, na kwenye chemba mkanda huo ndio unaosimamisha risasi. Kina cha nafasi ya mkanda huo chembani huanzia milimita 5.59. Fundi anatakiwa kuwa na geji mbili: ile ambayo bolti lazima ifunge juu yake, na ile ambayo haipaswi kufunga. Mwombe akuonyeshe zote mbili zikifanya kazi kwenye bunduki yako, pini ya kupigia ikiwa imetolewa ili usikie kidoleni bolti inapokataa. Fundi asiye na geji za risasi yako asikufungie mtutu, hata kama amefunga mia moja za risasi nyingine.

Kitako

Hapa Kaskazini tuna bahati ya mbao, na pia tuna kishawishi. Mninga ni mbao nzuri ya kitako: uzito wake unakaribia wa mbao za jozi za Ulaya zinazotumika kwa bunduki za bei, na sifa yake kubwa ni kutulia. Ukishakauka vizuri haujikunji ovyo kati ya masika na kiangazi. Mkongo nao ni imara ila mzito zaidi. Mpingo usiutumie kwa kitako kizima. Ni mzito mno. Kipande chake cha sentimita 5 kwenye ncha ya mbele kinapendeza.

Ukienda kuchagua ubao, nenda na futi kamba, na ikiwezekana mizani. Unahitaji kipande cha urefu wa sentimita 90, upana wa 20 na unene wa 6 hivi. Tafuta ubao wa kiini, ule wa kahawia wenye wekundu. Ukiona ukanda wa njano iliyopauka pembeni, hiyo ni nje ya mti na wadudu wanaipenda, ikatwe yote. Kisha uchore kitako kwa chaki juu ya ubao na utazame nyuzi za mbao zinavyopita mahali pa shingo, pale mkono unaposhika nyuma ya triga. Nyuzi lazima zipite kwa urefu wa shingo, zikipanda kidogo kuelekea nyuma. Zikikata shingo kwa mshazari, kitako kitavunjika hapo, ama kwa teke ama siku bunduki itakapoanguka kutoka kwenye gari. Madoa na mawimbi mazuri yawekwe nyuma, kwenye shavu, pasipobeba mzigo. Ubao wenye mawimbi shingoni uache, hata kama seremala anakuapia.

Ukavu ndio unaowashinda wengi. Mbao inayoitwa kavu sokoni huwa kavu kwa kitanda, si kwa bunduki. Unataka unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Kama huna kipimo, paka nta au rangi nzito kwenye ncha zote mbili, uweke ubao ndani ya nyumba penye hewa, mbali na jiko na ukuta wa jua, na uupime uzito mara moja kwa mwezi kwenye mizani ileile. Uzito utashuka, utashuka, kisha utasimama. Ukisimama miezi mitatu mfululizo, ubao uko tayari. Mbao mbichi ya unene huo inaweza kukaa zaidi ya miaka miwili. Fundi anayetaka kuchonga ubao wa wiki iliyopita anakutengenezea kitako kitakachousukuma mtutu pembeni mvua ikianza. Na yeyote anayechonga mninga avae barakoa, kwani vumbi lake huwasha pua na kifua.

Usipokuwa na subira hiyo, chukua kitako cha faibaglasi kilichotiwa nguzo za alumini ndani. Kwa mtu anayewinda kwa kazi, hilo ndilo chaguo letu: hakijali masika wala vumbi la Longido.

Sasa kipimo cha mwili. Kunja kiwiko pembe mraba, bunduki tupu ikisimama juu ya mkono wako: kitako kwenye kiwiko, kidole kwenye triga. Kiungo cha kwanza cha kidole kinapaswa kufika kwenye triga bila kunyoosha. Watu wengi wa kimo cha wastani huangukia sentimita 34 hadi 35, mpira wa bega ukihesabiwa. Pima ukiwa umevaa koti la asubuhi za baridi, kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi Monduli hutakuwa na shati tupu. Kitako kirefu hunasa kwapani unapokiinua kwa haraka. Kifupi hukuletea darubini kwenye nyusi. Mpira wa bega uwe wa milimita 25, laini, wenye kisigino cha juu kilichosagwa kiwe mviringo ili usikwame kwenye nguo.

Kwa .375 dai mambo manne ndani ya kitako, na uyaone kabla hakijafungwa:

Chini ya mtambo kuna bonge la chuma linalobeba teke lote. Nyuma yake lazima kuwe na epoksi iliyomiminwa ikagusa uso wote, isiwe kona moja tu.

Boriti mbili za chuma zipite mbao kwa upana: moja nyuma ya bonge hilo, nyingine kati ya magazini na triga.

Nyuma ya mkia wa mtambo, pale unapoishia shingoni, kuwe na nafasi ya nusu milimita hivi. Bila nafasi hiyo mkia hugonga mbao kila unapofyatua, na ufa utaanzia hapo na kukimbilia shingoni. Ukiona ufa mwembamba nyuma ya mkia, acha kufyatua.

Mtutu uelee. Noti ya shilingi 1,000 ipite kati ya mtutu na mbao kutoka ncha ya mbele hadi karibu na mtambo bila kukwama. Rudia kipimo hicho masika na kiangazi.

Mafuta ya mbao yapakwe ndani pia, kwenye mfereji wa mtutu na chini ya mpira wa bega. Mafundi wengi hupaka nje tu, na maji huingilia ndani.

Skrubu za mtambo kwenye kitako cha mbao zikazwe kwa newton-mita 4 hadi 5; kwenye kitako chenye nguzo za alumini, 6 hadi 7. Ukikaza mbao tupu kama kitako cha nguzo, unaiponda.

Triga na usalama

Triga ya kilo 1.5 hadi 2, inayokatika bila kukwaruza. Nyepesi zaidi ya hapo ni ya kulenga shabaha kiwanjani. Sehemu zinazoshikana ndani ya triga nyepesi ni ndogo mno, na vumbi la Simanjiro, lile jeupe laini linaloingia hadi ndani ya saa, likichanganyika na mafuta huziganda. Chagua triga iliyo wazi chini ili vumbi lidondoke, na usiipake mafuta mazito. Kifungio cha usalama kiwe kinachozuia pini ya kupigia yenyewe, si triga peke yake.

Vilengeo na darubini

Usiondoe vilengeo vya chuma. Darubini inaweza kuvunjika saa mbili asubuhi na nyati akawa bado kichakani. Kilengeo cha mbele chenye punje nyeupe ya milimita 2.4 kinaonekana hata jioni. Cha nyuma kiwe kipana, chenye umbo la V iliyotandazika. Pete ya mkanda wa begani ifungwe kwenye mtutu mbele ya kitako, isiwe chini ya mbao, la sivyo kwenye .375 itakukata mkono wa mbele.

Kwa .375 chukua darubini ya kukuza mara 1 hadi 4 au 1 hadi 6. Kwa .30-06, mara 3 hadi 9 yenye kioo cha milimita 40. Kabla ya ukuzaji, tazama umbali wa jicho: usiopungua milimita 90, na kwa .375 tafuta 100 kama unaweza. Ukifyatua kuelekea mlimani, kichwa kinasogea mbele, na hapo ndipo darubini ya umbali mfupi inapopasua nyusi.

Bomba la darubini ni milimita 25.4, 30 au 34, na pete lazima zilingane. Kinacholegea mara nyingi ni besi, kile kipande kinachofungwa juu ya mtambo na kubeba pete. Skrubu ndogo za kawaida zina kipenyo cha milimita 3.5. Kwa .375 mwombe fundi apanue matundu kwenda zile za milimita 4.2, nne, zikiwa zimesafishwa mafuta na kutiwa gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati. Besi ikazwe kwa newton-mita 2.5 hivi, pete kwa 1.7 hadi 2. Hapa spana ya kupima nguvu haina mbadala. Mkono hukaza upande mmoja na kulegeza mwingine, na bomba likipondwa kliki za marekebisho hazirudi tena. Pete za kufungua kwa mkono ni gharama yenye maana, kwani unaiondoa darubini na kutumia vilengeo vya chuma papo hapo.

Oda ya kumpelekea fundi

Iandike kwenye karatasi moja, nakala mbili, mtie saini wote. Kwa .375 inaweza kusomeka hivi:

Mtambo wa magnum wa kucha ndefu, namba fulani, bolti ya uso wa milimita 13.5. Mtutu wa .375 H&H Magnum, sentimita 60, mzunguko inchi 12, mdomo milimita 17, nyuzi za mtambo huo zikiwa zimetajwa kwa kipimo. Magazini ya risasi 3 au 4, sanduku la ndani lisilopungua milimita 92. Kitako cha mninga uliokauka, urefu sentimita 34.5 pamoja na mpira wa milimita 25, boriti 2, epoksi nyuma ya bonge na kwenye mkia. Triga kilo 1.8. Besi 1 au jozi, skrubu 4 za milimita 4.2, pete 2 za kufungua kwa mkono. Vilengeo vya chuma vilivyorekebishwa kwa mita 50. Uzito wa jumla kilo 4.3.

Fundi akikwambia vipimo hivi havina haja kuandikwa, tafuta fundi mwingine.

Kuipokea

Usichukue bunduki kwa kuitazama. Beba risasi za mfano zisizo na baruti wala fataki, 4 za kichwa laini na 4 za kichwa kigumu butu. Hicho kigumu ndicho kinachokwama kwenye mteremko. Jaza magazini. Sukuma bolti polepole mpaka mwisho, kisha kwa haraka, kisha ukiacha nusu na kurudi, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu, kisha ikiwa imepinduliwa juu chini. Kila risasi iingie na itoke. Rudia hadi ufike mara 20 bila kukwama hata mara moja. Ikikwama mahali palepale, fundi anajua pa kusugua. Ikikwama kila mara mahali tofauti, tatizo mara nyingi liko kwenye midomo ya magazini au springi yake.

Kisha kiwanjani, mahali panaporuhusiwa, kwa risasi za namba moja ya uzalishaji, kwa idadi iliyomo kwenye leseni yako. Anza na vilengeo vya chuma mita 50. Fuata na darubini mita 100. Ukiisawazisha .375 iguse katikati kwa mita 100, itashuka kama sentimita 15 ikifika mita 200. Wengi huiacha ipige sentimita 5 juu kwa mita 100 ili upungufu huo uwe mdogo. Kama darubini yako inapimwa kwa dakika ya pembe, kliki moja ya robo dakika inasogeza takribani milimita 7 kwa mita 100. Kama inapimwa kwa miliradiani, kliki ya moja ya kumi inasogeza milimita 10. Fyatua 3, subiri mtutu upoe mpaka mkono uweze kuushika, fyatua 3 tena. Mtutu wa mnyama wa hatari unahukumiwa kwa risasi ya kwanza ya baridi, kwa hiyo weka alama ya hiyo peke yake kwenye kila karatasi.

Baada ya risasi 20, fungua kitako. Tazama epoksi nyuma ya bonge, tazama mkia, pitisha kucha ya kidole juu ya mbao ya shingo. Kagua skrubu za besi kwa spana ileile. Moja ikiwa imelegea, usiikaze tu: itoe, safisha mafuta, tia gundi upya, kisha urudie risasi 20 kabla hujaipeleka porini.